Mate Yana Chumvi

Dkt. Tusekile Mwandambo aliingia chumba cha vivuli akiwa na haraka ya kumaliza. Ilikuwa siku ya pili ya mafunzo, na baridi ya Julai ya Mbeya ilikuwa imemkaa mifupani. Kila mwaka, kila bingwa wa masikio, pua na koo nchini alitakiwa kuja kituoni hapa kwa juma zima, avae kofia na glovu za mitambo, atibu vivuli vya wagonjwa vilivyoundwa na mitambo hiyo, ndipo leseni yake ihuishwe. Aliyeshindwa mara tatu hakurudi kazini. Tusekile, aliyepewa vivuli vipya kila mwaka, hakuwahi kushindwa.

Fundi mitambo alimfunga mkanda wa kofia kidevuni.

"Wodi ya watoto, daktari. Vitanda vinne. Huenda mmoja yuko hatarini, huenda hakuna hata mmoja. Kazi ni kwako."

Wodi ikafunguka mbele ya macho yake. Kofia zile zilijua hata harufu; dawa ya kusafishia sakafu ilimjia puani kabla hajaona kitu. Kwenye kitanda cha kwanza alilala mvulana aliyejitia punje ya hindi puani. Cha pili, kichanga kinachokoroma. Cha tatu, sikio linalotoa usaha. Cha nne, kilichokuwa dirishani, kilikuwa na msichana wa miaka saba. Alikuwa ameondolewa tezi za koo wiki iliyopita baada ya kusumbuliwa mno na mafindofindo, akarudishwa wodini kwa homa ndogo. Sura yake haikuwa ya mtu yeyote. Nyuso za vivuli zilichanganywachanganywa ili wenyewe wasijulikane.

"Shikamoo, daktari."

Tusekile alishika chuma cha kitanda.

"Marahaba," alijibu.

"Leo mate yangu yamekuwa mengi," mtoto alisema. "Halafu yana chumvi."

"Umemwambia nesi?"

"Nesi ana kazi nyingi. Lakini mama yangu naye ni daktari. Yuko Kigoma. Akija atakuja na samaki wa migebuka, na amesema nitachagua mkubwa mimi mwenyewe. Nitakugawia na wewe."

Maneno yale Tusekile aliyasema yeye, kwenye simu, akiwa amesimama nje ya kituo cha afya alichopangiwa enzi hizo, mkono mmoja umeziba sikio kwa sababu ya kelele za jenereta. Hakuna aliyeyasikia isipokuwa mtoto wake Lugano, aliyekuwa upande wa pili wa simu. Lugano alizikwa Tukuyu siku chache baadaye.

Mtoto wa kitandani akameza mate. Akanyamaza kidogo, akameza tena. Koo lilipanda, likashuka, likapanda.

Mtoto anayevuja damu kooni hatemi. Anaimeza. Damu inakwenda tumboni kimyakimya. Mtoto anaongea, anacheka, mapigo ya moyo yanapanda taratibu na presha inajikaza isishuke, mpaka mwili unapochoka kujikaza. Hapo huanguka mara moja, na ukishamwona ameanguka umekwisha kuchelewa. Ishara ni hiyo moja tu: kumezameza. Tusekile alikuwa amewafundisha wauguzi wengi jambo hilo. Sasa mikono yake ilifanya kazi bila kumngoja. Alimkalisha mtoto, akamulika kooni, akaona bonge la damu limening'inia mahali palipokatwa, akaita damu, akaita chumba cha upasuaji, akafyonza, akabana, akafunga.

"Daktari," mtoto aliuliza alipozinduka, "mbona unalia?"

Kabla hajajibu, sauti ya fundi ilimjia masikioni. "Umefaulu, Dkt. Mwandambo. Muda mzuri sana."

"Msizime!"

Wodi ilikuwa imekwisha zimika.

Alikaa kwenye benchi la korido, kofia mapajani. Daktari aliyefuata alikuwa Fidelis Sichalwe, kijana kutoka Sumbawanga, bingwa pekee wa koo katika mkoa wake. Aliingia akijifuta viganja kwenye suruali. Haukupita muda mrefu taa ya juu ya mlango ikawa nyekundu, naye akatoka jasho linamtiririka.

"Nimempoteza," alisema. "Yule wa dirishani. Ameniambia mate yana chumvi, nami nikamwambia anywe maji."

"Amebaki na nani?"

"Nani?"

"Mtoto."

Fidelis alimtazama bila kuelewa. "Kinazimwa, dada. Ukikosea tu kinazimwa, unatoka nje."

*

Mkuu wa mafunzo aliitwa Dkt. Leonila Kapinga, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Alimsikiliza Tusekile hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akainuka akafunga mlango wa ofisi.

"Sikujua," alisema. "Nakuapia. Majina hufutwa kabla hayajatufikia. Sura tunabadilisha. Sauti hatuwezi kuibadilisha, kwa sababu sauti ndiyo somo. Ukiichezea, ile tofauti ndogo ya mtu anayeongea huku koo lina damu inapotea, na daktari anajifunza uongo."

"Mliipata wapi?"

"Kitandani. Vitanda vya wodi ile vilikuwa vya kwanza kurekodi kila kitu: pumzi, mapigo, maneno, hadi mwisho. Mzazi mmoja aliridhia."

"Si mimi."

"Basi ni baba yake."

Tusekile alitazama dirishani. Nje, mtunza bustani alikuwa anapalilia viazi nyuma ya jengo, anapuliza viganja kila baada ya kupiga jembe mara chache.

"Niambie kinavyofanya kazi," alisema. "Niambie kama unavyomwambia daktari."

Leonila alivuta kiti. "Mwanzoni kivuli hujibu kwa kubuni. Kinachukua alichowahi kusema mtoto siku ile, kinakitengeneza upya kufuatana na swali lako. Kadiri ugonjwa unavyoendelea, ubunifu unapungua. Mwishoni kabisa kinafuata rekodi peke yake, neno kwa neno. Waliotengeneza walikataa kubuni kifo cha mtu."

"Kuna aliyewahi kuusikiliza huo mwisho?"

"Mashine ilisoma mapigo. Sikio la mtu, hapana. Daktari akikosea tunazima, tusimuumize bure."

"Mnamwonea huruma daktari."

"Kwa sheria," Leonila alisema, "mzazi ambaye hakuridhia anaweza kusema neno moja tu, nami nitakifunga leo hii, moja kwa moja. Kukupa uende nacho nyumbani siwezi. Tulishaona watu waliopewa. Hawakula, hawakulala, hawakutoka ndani. Lakini kukifunga, ni haki yako. Nakuomba tu usiseme leo. Kabla ya kivuli hicho tulikuwa tunazika watoto kwa kosa hilohilo kila mwaka. Tangu kianze kufundisha, sijapokea taarifa hata ya mmoja."

"Anafundisha," Tusekile alisema. "Si kinafundisha."

"Anafundisha," Leonila alikubali.

"Anaumia?"

"Mafundi wanasema hapana."

"Na wewe unasemaje?"

Leonila alitazama mikono yake. "Mimi kila asubuhi nikienda kuwasha mitambo," alisema, "nabisha hodi kwanza."

*

Mchana ule alipewa ruhusa akaenda nyumbani Tukuyu. Mumewe, Ipyana, mwalimu wa fizikia, alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi za mbalaga, vidole vimekwisha kuwa vyeusi kwa utomvu.

"Mbona mapema? Usiniambie umefeli," alimtania.

"Nimemsikia Lugano."

Kisu kilisimama katikati ya ganda. Ipyana hakuuliza wapi, wala vipi, wala kama yu mzima wa akili. Hapo Tusekile akajua kwamba Leonila alisema kweli.

"Walikuja baada ya matanga," Ipyana alisema, bado anaitazama ndizi. "Watu wawili, wapole. Wewe ulikuwa umelala unaangalia ukuta. Walieleza mengi. Mimi nilisikia 'sauti yake itabaki'. Mengine yote hayakuniingia."

"Miaka yote hii, Ipyana."

"Ulikuwa huongei, Tuse. Ulipoanza kuongea, nikaogopa kwamba nikikuambia utanyamaza tena. Halafu ukasema unakwenda kusomea koo. Nikasema, Mungu wangu, huyu sasa nitamwambiaje?"

Tusekile alimwelewa, na kumwelewa huko kulimuuma kuliko hasira. Aliketi chini kando ya beseni, akachukua ndizi, akaanza kumenya naye. Walimenya mpaka Ipyana aliposhindwa kujizuia.

"Anasemaje?"

Tusekile alimweleza. Alimweleza shikamoo ile, na mate, na migebuka. Alipofika kwenye samaki mkubwa atakayechaguliwa na mtoto mwenyewe, Ipyana aliinuka akaenda kusimama ukingoni mwa baraza, akampa mgongo. Alirudi na macho mekundu.

"Na madaktari wanajifunza kweli?"

"Wanajifunza. Wapo watoto wanaopona kwa ajili yake."

"Mwache basi." Aliketi. "Wenzake wamemaliza shule. Yule Tumpe aliyekuwa anacheza naye sasa ni fundi umeme, nilikutana naye sokoni. Nami nikajisemea, wangu ana nini? Leo unaniambia wangu ana kazi."

"Kazi ya kufa, Ipyana. Kila siku. Asubuhi anakufa, mchana anakufa, jioni wanafuta jasho na kwenda kunywa chai. Alikufa peke yake wakati wauguzi wanakabidhiana zamu, hakuna aliyemwona, na mpaka leo anakufa vilevile peke yake. Wanamzima kama taa."

Ipyana alifunika uso kwa mikono, akasahau utomvu.

"Mimi nilimtoa," alisema. "Siwezi kumtoa mara ya pili, wala kumzika mara ya pili. Amua wewe, mama Lugano."

Hakuwa amemwita hivyo tangu msiba.

*

Asubuhi iliyofuata, kabla wengine hawajafika, Leonila alimvalisha kofia kwa mikono yake mwenyewe.

"Leo hupimwi," alisema. "Ukitaka kutoka, sema. Usiposema, sitagusa kitu."

Tusekile alikwenda moja kwa moja hadi dirishani. Alikuwa ameazimia kwamba mkono wake usiingilie. Angekaa tu. Angemshika mtoto wake hadi mwisho, kama alivyopaswa kufanya siku ile, kisha angesema neno moja kwa Leonila, na Lugano asingekufa tena.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Lugano."

Mtoto alimtazama. "Lugano ni nani?"

Walikuwa wamemfutia jina. Leonila alisema majina hufutwa; Tusekile hakuwa amefikiri kwamba limefutwa hata kwa mwenyewe.

"Ni wewe," alisema. "Na mimi ndiye mama."

Mtoto alisita kidogo, kama mtoto mwenye adabu anayetafuta namna ya kumkosoa mkubwa. "Mama yangu yuko Kigoma," alisema polepole. "Wewe ni daktari wa hapa."

"Nilikuja, mwanangu. Nilipanda basi siku ileile waliponipigia."

"Mama akija atanisuka. Nesi hajui kusuka."

Tusekile aliketi kitandani. Alipitisha vidole kwenye nywele zile. Glovu zikampa ugumu wa nywele ambazo hazijachanwa siku mbili. Mtoto aliegemea mkono wake kama angeegemea mkono wa daktari yeyote mpole. Hakumjua. Ndani ya mchana ule uliorekodiwa mama alikuwa mbali, na hapakuwa na mlango wa kumwingiza. Angeweza kukaa pale mwaka mzima, na mtoto angeendelea kumngoja.

Kisha mtoto akameza mate.

Akameza tena.

Kaa, Tusekile alijiambia. Mshike tu. Alihesabu pumzi za mtoto. Aliona midomo inaanza kupauka, akaona vidole vidogo vinachezea shuka bila kujua. Alikaa mpaka mtoto akasema, "Daktari, nasikia kichefuchefu," na hapo mikono ikakataa. Mikono ilimkalisha mtoto, ikamulika, ikaita damu, ikafyonza, ikafunga. Alilia kwa sauti muda wote, na hakukosea hata hatua moja.

Alipotolewa kofia, Leonila alikuwa amesimama mbele yake na bilauri ya maji.

"Nilitaka kumfikisha mwisho," Tusekile alisema. "Siwezi. Sitaweza kamwe."

"Nikifunge?"

Alikunywa maji yote. Huko korido sauti za madaktari wa asubuhi zilikuwa zimeanza kusikika, na mmoja wao alikuwa Fidelis, anacheka kicheko cha mtu mwenye hofu. Leo alikuwa anarudia. Akishindwa mara ya tatu angepokonywa leseni, na watu wa kwao wangesafiri hadi Mbeya kutoa mwiba wa samaki kooni. Lakini akipewa leseni bila kujua kusikia kumezameza, ni mama gani huko angekuja kulia?

"Usimfunge," alisema Tusekile. "Lakini msimzime tena. Daktari akimkosea, na akae. Mlango usifunguliwe. Amshike mkono mpaka pumzi ya mwisho, ndipo atoke."

"Ni muda mrefu huo, Tusekile. Wapo watakaoshindwa kulala."

"Na wasilale."

"Tutawavunja."

"Mimi nilivunjika, na ndiyo maana sijawahi kumpoteza mtoto wa mtu." Aliiweka bilauri chini. "Hilo ndilo neno langu. Ukilikataa, nitasema lile lingine."

Leonila alikwenda kwenye mitambo, akazungumza na fundi kwa sauti ya chini, na fundi akaivua kofia yake ya sufi kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

*

Fidelis aliingia kabla ya adhuhuri. Tusekile alikaa kwenye benchi lilelile. Alimwombea kijana yule afaulu, akaomba kwa moyo wote. Taa ya juu ya mlango ilikaa njano, ikakaa, kisha ikawa nyekundu.

Mlango haukufunguka.

Madaktari wengine walisogea, wakaulizana kwa macho. Mmoja alitaka kugonga. Leonila akamzuia kwa mkono. Walisikia sauti ya Fidelis ndani, si maneno, ni mvumo tu wa mtu anayeongea taratibu, kisha nao ukakoma.

Alipotoka hakujifuta jasho. Alipita katikati ya wenzake kama hawaoni, akaja kuketi kando ya Tusekile, kwa kuwa benchi lilikuwa na nafasi.

"Nilimsikia anameza," alisema. "Safari hii nilimsikia kabisa. Nikasema ngoja nihakikishe, nisije nikamkimbiza chumba cha upasuaji bure. Nikahakikisha mno."

"Pole, mdogo wangu."

"Wamenifungia mlango, dada. Nikamshika mkono. Sikujua la kufanya, nikamsimulia habari za kwetu, za ziwa, za bibi yangu. Sidhani kama alinisikia." Alimeza mate, akashtuka kwa kujisikia anameza. "Mwishoni aligeuza kichwa upande mwingine, akaanza kuongea na mtu ambaye hayupo. Alidhani kuna nesi amesimama pale. Alimpa salamu za kumpelekea mama yake."

"Zipo kichwani mwangu zote," Fidelis aliendelea. "Neno kwa neno. Sijui nizipeleke wapi. Yule ni kivuli, najua. Lakini mtoto mwenyewe aliwahi kuwapo, na mama yake huenda yupo mahali. Mtu hawezi kuachiwa salamu za namna ile akakaa nazo. Nimwambie nani?"

"Nipe mimi," Tusekile alisema. "Nitamfikishia."

Fidelis alimtazama usoni, na alichokiona kikamfanya asiulize swali lingine. Alimgeukia vizuri, akaweka mikono juu ya magoti kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Amesema hivi: 'Nesi, mama akija mwambie sikulia. Mwambie kooni hakuumi sana. Na usimwambie kwamba nilimwita, asije akasikitika kwa kuwa alikuwa mbali.'"

Mikono ya Tusekile, ambayo tangu alipovaa koti la daktari haikuwahi kukosa la kufanya, ilikaa tu juu ya mapaja yake. Fidelis aliishika yote miwili.

Kisha Tusekile akamwomba aanze tena, polepole, asiruke neno.